Harufu ya Webuye

Zamani ukipanda matatu Kitale kwenda Bungoma, hukuhitaji makanga akwambie mmekaribia Webuye. Pua ilitangulia. Madirisha yalifungwa haraka, na daima kulikuwa na mtoto wa kuuliza nani kaharibu hewa.

Ilikuwa Pan Paper. Serikali, Orient Paper Mills ya India na IFC ya Benki ya Dunia waliungana kukijenga kiwanda hicho kando ya mto Nzoia, na karatasi zikaanza kutoka 1974. Misonobari na misaiprasi ilikatwa vipande, ikapikwa kwa dawa zenye salfa (ndiyo iliyonuka) hadi gundi ya mti ikayeyuka. Kilichobaki ni selulosi, nyuzi zinazousimamisha mti. Tuliita karatasi, tukaandikia insha.

Sasa sikia. Mwishoni mwa miaka ya 70, kule New Jersey, Turbak, Snyder na Sandberg wa ITT Rayonier walichukua uji kama huo wa mbao wakaupitisha kwa nguvu kwenye mashine ya viwanda vya maziwa, ile inayozuia malai kuelea juu. Nyuzi zikachanika, zikachanika tena, hadi ukatoka ute mzito. Leo tunaita nanoselulosi: nyuzi nyembamba kuliko unywele mara maelfu, nyepesi, na imara ajabu. Walitangaza matokeo 1983. Tatizo lilikuwa umeme, ulikwenda mwingi mno, na wazo likalala miaka mingi mpaka watafiti wengine walipopata njia za kuulainisha uji kwanza.

Ninachotaka kusema ni kwamba hatua ya kwanza, ile ngumu ya kuitoa selulosi kwenye mti, Webuye waliijua tayari.

Linganisha na Ishinomaki, Japani. Kiwanda cha Nippon Paper pale kilipigwa na tsunami Machi 2011. Kikafufuliwa, na 2017 wakaongeza mtambo wa kutoa tani 500 za nanoselulosi kwa mwaka. Japani hiyohiyo, kalamu yenye nanoselulosi ndani ya wino ilishaingia madukani 2016. Wino hautiririki ovyo wala haukatiki. Wengine wanaichanganya na plastiki kupunguza uzito wa magari.

Pan Paper ilifungwa 2009, bila tsunami. Ikauzwa 2016 kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900.

Na malighafi haijatuishia. Maabara zimeshatoa nanoselulosi kwenye magunzi na makapi ya miwa, si miti pekee. Kitale magunzi tunawashia moto.

Safari yangu ya mwisho sikunusa kitu Webuye. Mzee niliyeketi naye, aliyeniambia ujana wake wote uliishia pale kiwandani, alinyoosha mkono akafunga dirisha. Kisha akacheka, akalifungua.