Koti la nta likianza kuvuja usilitupe: namna ya kulirudishia uwezo wa kuzuia maji

Wadau, hii ni kwa wote wanaopigwa na mvua kazini: madereva wa bodaboda, walinzi wa usiku, wauza maziwa wa alfajiri, na jamaa zetu wa Njombe, Mbeya, Lushoto, Limuru na Kericho ambako mvua na baridi hutembea pamoja. Kwenye mitumba kuna aina moja ya koti ambayo watu huinunua kwa mbwembwe, wakaivaa msimu mmoja, halafu wakailaani. Ni lile koti zito la pamba, mara nyingi la kijani iliyokolea, jeusi au la kahawia. Ukilishika linanata kidogo mkononi na lina harufu ya mafuta mafuta. Kola yake mara nyingi ni ya kodrai. Hilo ndilo koti la nta.

Kinachotokea ni hiki. Siku moja maji yanapenya begani, mwenyewe anaamua koti limekufa. Analigawa, au linageuka tambara la kufutia pikipiki. Kumbe koti halijafa! Kilichoisha ni nta tu, na nta inarudishwa nyumbani kwa mchana mmoja. Kwa mtu anayekaa juu ya pikipiki saa nane kwenye mvua, tofauti kati ya koti kavu na koti lililolowa ni tofauti kati ya kwenda kazini kesho na kulala na homa. Kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho.

KOTI LENYEWE NI NINI

Asili ya kitambaa hiki ni baharini. Mabaharia wa Uingereza na Scotland walikuwa wakipaka mafuta matanga ya jahazi zao ili yasinywe maji, na vipande vya matanga yaliyochakaa wakavigeuza makoti ya mvua. Baadaye yakatumika mafuta ya kitani, lakini hayo yalikuwa na kasoro mbili: kwenye baridi kitambaa kinakuwa kigumu, na kadri siku zinavyokwenda kinageuka njano. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 viwanda vya Uingereza vikahamia kwenye pamba iliyonyweshwa nta ya parafini. Hapo namaanisha nta inayotengenezewa mishumaa, sio mafuta ya taa. Usije ukachanganya.

Majina utakayokutana nayo sana kwenye lebo ni Barbour, kampuni iliyoanza mwaka 1894 huko South Shields, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza, na Belstaff, iliyoanza mwaka 1924. Tangu zamani makoti haya yalikuwa ya mabaharia, wakulima na waendesha pikipiki. Mwaka 1964 mwigizaji Steve McQueen aliyavaa kwenye mashindano ya pikipiki ya siku sita huko Ujerumani Mashariki. Kwa hiyo dereva wa boda ukilivaa hujakosea, hiyo ndiyo kazi yake.

Namna linavyofanya kazi ni rahisi. Uzi wa pamba kwa asili unakunywa maji. Nta inaingia ndani ya uzi na kuziba vinafasi kati ya uzi na uzi, maji yakifika yanajikusanya kuwa matone na kuteleza. Lakini nta haikai milele. Kila unapokunja mkono, unapovaa begi, unapotia na kutoa mikono mfukoni, inasuguliwa kidogo kidogo. Ndio maana koti linaanza kuvuja mabegani, viwikoni, kwenye mikunjo na kwenye mishono. Mgongoni mara nyingi huwa bado zima.

KWANZA HAKIKISHA NI LA NTA KWELI

Hapa wengi wanachemsha. Sio kila koti la mvua ni la nta, na dawa ya hili inaliua lile.

1. Koti la nta: ni la pamba, zito, linanata au lina ubaridi fulani ukiligusa. Likwaruze taratibu kwa ukucha, utaona mstari mweupe mweupe, ukiupasha kwa kidole unafifia. Lebo ya ndani huwa imeandikwa "waxed cotton".

2. Koti la nailoni au poliesta, jepesi, la kupandia mlima, kwa mfano yenye lebo ya Gore-Tex: hili USIPAKE NTA. Lenyewe linataka kufuliwa kwa sabuni laini, kusuuzwa sana, halafu kupata joto la wastani ili dawa yake ya kufukuza maji iamke tena. Ukilipaka nta unaziba vitundu vya kupitisha jasho na umeliharibu.

3. Koti la plastiki au lenye tabaka la mpira ndani: likianza kumenyuka kama ngozi ya nyoka, nta haisaidii. Hilo limeisha muda wake.

KINACHOLIUA NI USAFI WETU

Sisi tunapenda usafi, ni jambo zuri. Lakini koti la nta likitoka kwenye belo, kitu cha kwanza mtu anachofanya ni kulitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, kulisugua, kulikamua na kulianika juani. Jamani! Maji ya moto yanalainisha nta, sabuni inaibeba, na wewe unaimwaga mtaroni. Mashine ya kufulia ni hivyo hivyo, dobi ni hivyo hivyo. Ukimaliza una koti safi la pamba ambalo mvua inapita kama kwenye chekecheo. Linaweza kupakwa nta upya, ila litakula nta nyingi zaidi na haliwi sawasawa na mwanzo.

Namna sahihi ya kulisafisha: maji ya baridi na sponji au kitambaa, basi. Tope liache likauke kwanza, lipukute kwa brashi laini, kisha futa. Bitana ya ndani ikinuka jasho, ifute kwa kitambaa chenye maji ya baridi na uliache koti kwenye upepo siku mbili. Likiwa na ukungu, lipukutie nje ya nyumba, futa, anika kivulini penye hewa.

JARIBIO LA KIJIKO

Kabla ya kuingia gharama, chukua kijiko cha maji ya baridi, mwagia begani. Maji yakisimama kama shanga na kuteleza, hapo bado pako sawa. Yakitandaa na kitambaa kikawa cheusi, nta imeisha hapo. Rudia viwikoni, kwenye mishono, mifukoni na kando ya zipu. Weka alama kwa chaki. Mara nyingine utagundua koti zima halina shida, ni mabega tu.

Kama utapaka koti zima, mara moja kwa mwaka inatosha kwa matumizi ya kawaida. Kwa mtu wa boda anayelivaa kila siku, pima kila msimu wa mvua unapokaribia.

VIFAA

Nta: ukipata kopo la nta ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya makoti haya, chukua, ndiyo bora. Kopo la mililita 200 linatosha koti moja. Ukikosa, wengi duniani hujichanganyia wenyewe nta ya nyuki na nta ya mshumaa. Kampuni ya Fjällräven ya Sweden nayo huuza kipande cha nta ya nguo cha mchanganyiko wa vitu hivyo hivyo viwili. Kuanzia, nusu kwa nusu inafaa: gramu 100 za nta ya nyuki na gramu 100 za mishumaa myeupe isiyo na rangi wala manukato, utambi umetolewa. Nta ya mshumaa peke yake inapasuka kwenye mikunjo na kuacha mistari myeupe. Nta ya nyuki peke yake inanata mno. Zikikaa pamoja zinarekebishana. Nta ya nyuki kwetu sio shida, Tabora inasifika kwayo miaka mingi.

Vingine: sufuria mbili, moja iingie ndani ya nyingine, sponji au kitambaa cha pamba cha kutupa, draya ya nywele ya mkononi (azima saluni), magazeti ya kutandika chini, henga imara.

HATUA KWA HATUA

1. Safisha koti kwa maji ya baridi kama nilivyoeleza, liache likauke KABISA. Nta haishiki kwenye kitambaa chenye unyevu.

2. Shona palipochanika kabla ya kupaka. Fundi cherehani hapendi nta mpya kwenye mashine yake, na kila tundu la sindano litazibwa na nta utakayopaka baadaye.

3. Yeyusha nta. Ya kopo, fungua kifuniko na usimamishe kopo ndani ya maji ya moto mpaka nta iwe kama mafuta ya kula. Ya kujichanganyia, weka kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 mpaka 65 hivi, kwa hiyo mvuke wa maji unatosha.

4. Pakia sehemu iliyofichika kwanza, mfano chini ya ukosi, uone rangi. Koti litakolea, hiyo kawaida.

5. Tandika koti mezani palipo na joto, jua la mchana linasaidia. Chovya sponji, paka kidogo kidogo kwa kuzungusha. Anza na mishono, mabega na viwiko. Usipake kola ya kodrai, bitana, wala ndani ya mifuko ya kutia mikono.

6. Nta ya kujichanganyia inaganda haraka. Ikikusumbua, imimine kwenye kikopo igande iwe kipande kama sabuni, kisha ukisugue kavu kavu kwenye kitambaa. Inafika pale pale.

7. Pitisha draya ya moto taratibu. Utaona weupe unapotea na nta inazama ndani ya uzi. Hii hatua usiiruke, ndiyo inayotofautisha koti lililonywa nta na koti lililopakwa uchafu. Panapong'aa sana futa kwa kitambaa kikavu.

8. Tundika kwenye henga usiku mzima, mbali na nguo nyingine. Siku mbili tatu za mwanzo litachafua, kwa hiyo muonee huruma jirani yako wa kwenye daladala.

9. Rudia jaribio la kijiko. Panaponywa maji bado, ongeza hapo tu.

TAHADHARI YA MOTO

Hapa sitanii. Nta inashika moto. Usiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya jiko la mkaa au gesi. Usiondoke jikoni ukaiacha. Weka mfuniko karibu, ikiwaka funika na uzime jiko. USIMWAGE MAJI, moto utaruka. Kuna wanaoongeza mafuta ya kitani, yale ya mafundi seremala. Ukiyatumia, matambara yake yatandaze nje yakauke, usiyakunje na kuyatupa kwenye ndoo, kwa sababu yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka. Na koti lenyewe lililopakwa nta halikaushwi juu ya jiko.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Nikipaka grisi ya pikipiki je? Hapana. Haigandi, inanuka na itahamia kwenye nguo zako zote na za abiria.

Mafuta ya mgando ya kupaka mwilini? Nayo yanabaki laini, yanashika vumbi, mvua mbili yamekwisha.

Mafuta ya kula? Yanachacha, na panya watakushukuru.

Naishi Dar, linanifaa? Kusema kweli hapana. Joto la pwani linalainisha nta, koti linanata na jasho halitoki. Hili ni la nyanda za juu na la safari za usiku.

Njia hii inafaa vitu vingine? Ndio. Begi la turubai, kofia ya turubai, hata turubai lenyewe la kufunika mzigo, ilimradi ni la pamba.

UKIENDA SOKONI

Uwe Gikomba, Memorial ya Moshi au Karume, sasa una faida. Muuzaji akikuonyesha koti la nta lililokauka, lenye mabaka yaliyopauka viwikoni, usikimbie. Angalia zipu inafunga, mishono imeshika, bitana haijaoza, kitambaa hakijachanika kwenye mikunjo. Hivyo ndivyo vinagharimu. Mabaka yaliyopauka ni sababu ya kuomba apunguze bei, basi. Lakini ukikuta limefuliwa likapigwa pasi mpaka linanukia sabuni, jua kwamba umeuziwa usafi na nta imeshakwenda, upige hesabu ya kopo zima kabla ya kulipa.

Na wakati wa kufanya kazi hii ni kabla ya mvua. Wenye masika na vuli, Februari na Septemba jua lipo. Wenzetu wa Mbeya na Njombe, msisubiri Novemba. Mvua ikishaanza, koti haliwezi kukauka vizuri na nta haitashika, utabaki unalaumu koti.

Mwenye uzoefu tofauti au swali, amwage hapo chini. Tuko pamoja.