Ubishi Uliozaa Sheria ya Boyle

Mwanafunzi wa sekondari huambiwa kwamba mwaka 1662 Robert Boyle alionyesha kuwa gesi ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, mgandamizo wake huwa maradufu, ilimradi halijoto haibadiliki. Kifizikia hakuna kosa hapo. Kihistoria kuna mtu ameachwa nje, naye ni Franciscus Linus, padri Mjesuiti kutoka Uingereza aliyefundisha Liège, ambaye alikataa katakata maelezo ya Boyle kuhusu hewa. Naamini kwamba jedwali maarufu la Boyle lisingekuwapo lau padri huyo angenyamaza.

Katika kitabu chake cha mwaka 1660, Boyle alidai kuwa zebaki husimama kwenye neli ya Torricelli, iliyozibwa juu na kusimamishwa ndani ya chombo cha zebaki, kimo cha inchi 29 hivi, kwa sababu hewa ya nje huisukuma kwa nguvu yake ya kujitanua. Linus alimjibu mwaka uliofuata. Hewa ina uzito na nguvu kiasi, alisema, lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kubeba mzigo huo. Kinachoishikilia zebaki ni uzi usioonekana unaoivuta kutoka juu. Ushahidi wake ulikuwa kidoleni. Jaza zebaki kwenye neli iliyo wazi pande zote mbili, ziba tundu la juu kwa kidole, kisha iache zebaki ishuke ndani ya chombo: utahisi nyama ya kidole ikivutwa ndani. Anayemcheka Linus leo hajajiuliza angemjibu nini. Kurudia tu kwamba hewa husukuma kusingetosha. Ilibidi ionyeshwe husukuma kwa kiasi gani.

Ndipo Boyle akaagiza neli ndefu ya kioo iliyokunjwa kama herufi J, mguu mfupi umezibwa, na karatasi yenye alama za inchi na sehemu zake imebandikwa kwenye kila mguu. Neli ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilikuwa ndefu hata isiweze kusimama chumbani, ikawekwa kwenye ngazi za nyumba, chini yake sanduku la mbao la kudaka zebaki ikimwagika. Mmoja alimimina zebaki kidogo kidogo kutoka juu, mwingine akasoma alama chini. Hewa iliyoanza na urefu wa inchi 12 ilipobanwa hadi 6, mgandamizo wake ulifikia inchi 58 na sehemu 13 za 16 za zebaki, wakati hesabu ilitaka 58 na robo. Ilipobanwa hadi inchi 3, ulizidi 117, na hesabu ilitaka 116 na nusu. Hewa ambayo Linus alisema haiwezi kubeba inchi 29 ilikuwa imebeba mara nne yake.

Kuna pingamizi moja zito. Richard Towneley na Henry Power walikuwa wamekwisha kupima hewa inayotanuka huko Pendle Hill mwezi Aprili 1661, na Towneley ndiye aliyependekeza kwamba mgandamizo na ujazo hupishana kwa uwiano. Boyle mwenyewe alikiri kuwa vipimo vyake vya hewa inayotanuka hakuwa amevifungia kanuni yoyote hadi Towneley alipomweleza. Basi Linus ana sehemu gani? Towneley alileta kanuni, na heshima hiyo ni yake. Lakini hewa inayotanuka hudhoofika, na udhoofu wake usingemnyamazisha mtu aliyesema hewa ni dhaifu. Kuibana hewa, na kuibana hadi robo ya ujazo wake, lilikuwa jibu kwa swali la Linus. Kwamba uzi wake haukuwapo hakupunguzi kitu: alikosea jibu, ila alichagua mahali hasa ambapo Boyle alikuwa hajathibitisha.

Ubishi huohuo, kwa maoni yangu, unasaidia kueleza kwa nini halijoto ilichelewa. Boyle alijua kuwa joto hutanua hewa, lakini Linus hakuwa ameuliza habari za joto, basi hakuna jedwali lililotengenezwa. Mtu atasema vipimajoto vya kuaminika havikuwapo, na ni kweli kwa sehemu; vipimo vya Fahrenheit na Celsius ni vya karne ya 18. Hata hivyo, Guillaume Amontons alipata mengi jijini Paris mnamo 1702 kwa kupima kwa zebaki mgandamizo wa hewa iliyopashwa joto, na waliomfuata walikuwa wachache. Jacques Charles alilishughulikia suala hilo mnamo 1787 bila kuchapisha. Ni Gay-Lussac aliyechapisha mwaka 1802 kwamba gesi alizopima hutanuka kwa kiwango kimoja: ujazo wa 100 kwenye barafu inayoyeyuka huwa takriban 137.5 kwenye maji yanayochemka, namba iliyozidi kidogo ile tunayoikubali leo. Émile Clapeyron aliunganisha sheria ya Boyle na hiyo ya Gay-Lussac katika mlinganyo mmoja mwaka 1834, miaka 172 baada ya Boyle kumjibu padri wa Liège.