Spana ya Nusu Inchi

Mzee wangu hakuwa fundi, alikuwa karani. Ila kila Jumamosi asubuhi alifungua boneti ya Land Rover 109 yetu, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena. Mimi nilikuwa mshika spana. "Nusu inchi, mwanangu." Nikikosea, ananirudishia bila kuinua uso. Plagi, platini, mkanda wa feni: vyote unaviona, na mkono unafika.

Nilidhani Waingereza walilitengeneza hivyo kwa kutuhurumia. Wapi! Lile gari ni mtoto wa uhaba. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na jipu la Willys, masalia ya vita, shambani kwake Anglesey kule Wales. Akataka la kwao. Bati la chuma lilikuwa la mgao, wakakimbilia aluminiamu. Mashine za kukunja bodi zilikuwa ghali, basi bodi ikawa na mabapa yaliyonyooka, yakafungwa kwa bolti na ribiti. Likaoneshwa Amsterdam Aprili 1948. Na betri ikifa, hendeli ipo: unachomeka mbele, unazungusha injini kwa mkono. (Ikikurudia inaweza kukuvunja mkono, hilo nalo tuliseme.)

Baadaye kompyuta ikaingia kwenye injini. Kuanzia 1996 Marekani ililazimisha magari mapya madogo yawe na tundu la aina moja la kusomea hitilafu. Shabaha ilikuwa moshi, na sina ugomvi na hilo. Lakini aliyekosa kifaa cha kusomea akawa mgeni kwenye gari lake. Ndiyo maana mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji wawape wenye magari na mafundi wa mtaani taarifa za matengenezo. Fikiria, mpaka kura ipigwe!

Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka kwenye gari letu la familia. Nikafungua boneti, nikakuta mfuniko mweusi wa plastiki. Binti yangu, tochi mkononi, akauliza, "Baba, nimulike wapi?"

Fundi alichomeka kimashine, akasoma namba, akaifuta. Kesho yake taa ikawaka tena. Jumamosi mimi na binti tukabadilisha chujio la hewa tu. Hilo bado ni vibanio vinne, na alivifungua yeye.