Karne Moja ya Kupima Mawimbi ya Redio

Mwaka 1888, katika ukumbi wa mihadhara mjini Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alitundika bati la zinki ukutani ili mawimbi ya redio yagonge na kurudi. Kisha akapima umbali kati ya mahali cheche za kipokezi chake zilipoonekana na zilipopotea. Hesabu zake zikaonyesha kwamba mawimbi yana kasi kubwa hewani kuliko kwenye waya. Haikuwa kweli: kuta na jiko la chuma ukumbini navyo vilirudisha mawimbi. Mwaka 1893, wanafizikia Sarasin na de la Rive walirudia jaribio hilo mjini Geneva kwa nafasi kubwa zaidi, wakakuta kasi ni ileile hewani na kwenye waya.

Redio ilipoenea, stesheni zilianza kuingiliana. Mwaka 1923 kituo cha WWV nchini Marekani kikaanza kurusha masafa sanifu ili wahandisi warekebishe vifaa vyao. Mwaka 1955 wanafizikia Essen na Parry walikamilisha saa ya seziamu huko Teddington, Uingereza, na mwaka 1967 sekunde ikafafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya seziamu. Suala la masafa likatulia.

Nguvu ya mawimbi ilibaki kuwa ngumu kupima. Unganisha chanzo na kihisi cha mita ya nguvu: sehemu ya wimbi hurudi kwenye chanzo, na sehemu ya hiyo hurudi tena kwenye kihisi. Chanzo kikirudisha 0.2 ya wimbi na kihisi 0.1, zao la namba hizo ni 0.02, na nguvu inayosomwa inaweza kuzidi au kupungua kwa takriban asilimia 4. Mita inaweza kuwa mpya na yenye cheti, lakini skrini haitakuonyesha hilo.

Kosa kama hilo ni sehemu ya shaka ya kipimo, yaani kadirio la kiasi ambacho kipimo kinaweza kukosea, na kwa muda mrefu kila maabara iliieleza kwa namna yake. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa na ISO mwaka 1993 uliweka utaratibu mmoja: kadiria shaka inayotokana na kurudia kipimo, kadiria na ile inayotokana na vyeti, vipimo vya mtengenezaji na uzoefu, kisha jumlisha miraba ya shaka hizo na utafute kipeuo cha pili cha jumla hiyo.

Fundi anayeandika nguvu ya 20 dBm na kuishia hapo hajamaliza kazi. Andika namba, andika shaka yake, taja na kiwango cha uhakika, ili atakayeitumia ajue aitegemee kwa kiasi gani.