Kusi Likifika Dhofar

Juma hili, ndugu msikilizaji, naomba tulifuate kusi. Sisi wa pwani twaujua upepo huu: hushika mwezi Aprili, hukaza Juni na Julai, na ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi Arabuni. Wachache wanaouliza hufanya nini ukishafika huko.

Ukipita Somalia huelekea kaskazini-mashariki, ukaambaa na pwani ya Dhofar, kusini mwa Omani, mahali ambapo nyuma ya milima ni jangwa tupu. Upepo huyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi hupanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya baridi hiyo huwa ukungu, nao hugota milimani. Juu yake hewa ya moto ya jangwani hukaa kama kifuniko cha chungu, mawingu yasipande. Basi hakuna ngurumo. Ni manyunyu tu, mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Wenyeji huyaita kharifu.

Kwa hesabu, mvua hiyo ni kichekesho. Salalah hupata takriban milimita 100 kwa mwaka. Dar es Salaam zaidi ya 1,000. Lakini milima huvaa kijani na ng'ombe hushiba. Siri ni miti: majani hunasa ukungu, ukadondoka tone kwa tone hata udongo ukanywa kuliko kipimo cha mvua kinavyoonyesha. Haba na haba hujaza kibaba.

Historia ya Dhofar imefuata kalenda hiyo. Katika karne ya 14 Ibn Battuta alitweka kutoka Kilwa hadi huko, akakuta mtama ukimwagiliwa kwa maji ya visima. Katika vita vya 1965 hadi 1975, miaka ya mwanzo majeshi ya Sultani yalishuka milimani kila kharifu, nao waasi wakajitanua chini ya ukungu. Majeshi yalipoanza kubaki huko juu hata wakati wa ukungu, mwaka 1972, vita vikaanza kugeuka.

Je, kharifu ni ya milele? Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza waliyoyasoma katika jiwe la pango la Qunf, lililokua kwa matone ya maji kwa maelfu ya miaka. Zamani mvua ilikuwa nyingi zaidi. Kwa miaka 8,000 hivi imepungua polepole, kadiri jua la kiangazi la kaskazini lilivyopungua nguvu. Hilo halina wa kulaumiwa.

La pili linaye. Tangu utajiri wa mafuta, mifugo ya milimani imeongezeka mno, na ngamia, ng'ombe na mbuzi hula majani na miche. Mti ukipotea, ukungu hupita bila kuacha kitu, na mche mpya hauna wa kuunyweshea.

Wala kimbunga si badala yake. Mei 2018 Mekunu ilimwaga Salalah zaidi ya milimita 250 kwa siku chache. Mafuriko yakabomoa barabara, na maji mengi yakakimbilia baharini. Upepo ni uleule wetu, nao utarudi Juni. Swali ni kama utakuta majani ya kuupokea.