Bei Mbili za Dola

Kila ikikaribia Juni simu yangu huanza kulia, na swali ni lile lile: "Kaka, krona nibadilishe hapa Stockholm au nikabadilishe Dar?" Jibu ninalo, ila lina historia ndani yake. Naomba mnivumilie kidogo.

Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mtoto, mjomba alitutumia noti ya dola 100 ndani ya barua. Ilikuwa ya matibabu ya bibi. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliipeleka benki, akapewa shilingi 1,700 hivi. Jirani akamnong'oneza kwamba mtaani angepata mara kadhaa zaidi. Baba akakataa. Kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilikuwa bado haijasahaulika. Fedha hazikutosha dawa. Mama hakusema neno, na ukimya ule naukumbuka hadi leo.

Dola ilikuwa na bei mbili: ya serikali na ya walanguzi. Aliyetii sheria ndiye aliyepunjika. Mwaka 1986, wakati wa Rais Mwinyi, serikali ilishusha thamani ya shilingi, na dola ikapanda kutoka karibu shilingi 17 hadi 40. Kisha sheria ya mwaka 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilishia fedha za kigeni.

Mwaka huo huo nilifika Stockholm kusomea uhandisi. Nilidhani mambo ya bei za kulazimisha nimeyaacha nyumbani. Kumbe! Sweden nayo ilikuwa imedhibiti fedha za kigeni tangu enzi za Vita Kuu ya Pili hadi 1989. Septemba 1992 Riksbank, benki kuu yao, ilipandisha riba yake hadi asilimia 500 ili kuilinda krona. Tarehe 19 Novemba ilisalimu amri, krona ikaachwa itafute bei yake. Mimi nilikuwa nimeahirisha kwa wiki moja kununua dola za kutuma nyumbani. Kufikia mwisho wa mwaka, dola iliyokuwa chini ya krona 6 ilifika karibu 7. Nilichojifunza ni kwamba bei ya fedha haitii amri kwa muda mrefu, iwe Dar au Stockholm.

Sasa jibu la swali. Duka lina bei ya kununua na bei ya kuuza, na faida yake iko katikati. Kwa hiyo usidanganyike na tangazo la "hakuna ada". Uliza hivi: nikikupa krona 5,000, nitaondoka na shilingi ngapi mkononi? Linganisha jibu hilo tu, duka kwa duka. Ukinunua dola hapa na kuziuza kule, umebadilisha mara mbili na umekatwa mara mbili. Sisi mafundi tunajua kila gia hula nguvu kidogo. Hata hivyo krona haichukuliwi kila mahali, kwa hiyo beba dola au yuro kiasi. Dola ziwe noti kubwa na mpya, kwani noti ndogo hupewa bei ya chini na za zamani hukataliwa. Mashine ya ATM ikikuuliza ukatwe kwa krona au kwa shilingi, chagua shilingi. Uwanja wa ndege badilisha za teksi tu. Na kumbuka, tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi utazihitaji tu.

Mwaka 1996 nilikwenda likizo, nikaingia na baba katika duka la kubadilishia fedha. Alisimama kitambo akisoma ubao.

"Hii ni bei ya serikali?"

"Hapana, baba. Ni ya soko."

"Na wanatoa risiti?"

Nikampa noti ya dola 100 aibadilishe mwenyewe. Alipewa zaidi ya shilingi 50,000. Fedha alinikabidhi mimi. Risiti aliikunja taratibu, akaiweka mfuko wa shati.

Safari njema, ndugu zangu.