Dawa ya Usingizi Isiyongoja Umeme

Anayetaka kuipima ketamini kwa haki aanzie Mogitu, katika wilaya ya Hanang nchini Tanzania, kabla hajafika kwenye kumbi za starehe za London na Hong Kong. Mama aliyekwama na uchungu huku, au mchungaji aliyevunjika paja upande wa Mbulu, hutegemea kufikishwa Katesh, Babati au Haydom, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali mwaka 1955. Barabara zenyewe haziaminiki: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 na kuziba njia za Katesh. Mahali pa namna hiyo panahitaji dawa ya usingizi inayobebeka mfukoni, inayochomwa kwenye msuli mshipa usipopatikana, na isiyosimama umeme unapokatika au mtungi wa oksijeni unapoisha.

Dawa hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Hanang. Calvin Stevens, mkemia mshauri wa kampuni ya Parke-Davis ya Detroit, aliitengeneza mwaka 1962 akitafuta mbadala wa fensiklidini, iliyokuwa ikiwaacha wagonjwa wakiweweseka kwa saa nyingi baada ya upasuaji. Mwaka 1964 Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa binadamu mara ya kwanza, na binadamu hao walikuwa wafungwa wa gereza la Jackson, Michigan, jambo linalostahili kukumbukwa kila dawa hii inaposifiwa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1970, nayo ikawahudumia majeruhi wa vita vya Vietnam. Sababu ni ile ile inayoipa thamani vijijini: dawa nyingi za nusukaputi hudhoofisha pumzi na kushusha shinikizo la damu, ilhali ketamini kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe, hulishikilia shinikizo lake, na huua maumivu papo hapo. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 1985.

Wapo wanaosema, na hawasemi uongo, kwamba dawa hii huharibu watu. Wanaoivuta kama unga ili wapotelee katika ndoto huishia na vibofu vilivyosinyaa, wakikojoa damu na kushinda chooni. Kwa hofu hiyo China iliutaka Umoja wa Mataifa uiweke katika jedwali kali kuliko yote la mkataba wake wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Baadaye ikalegeza ombi, na Machi 2015 tume ya dawa za kulevya mjini Vienna ikaahirisha uamuzi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuuchunguza ushahidi mara kadhaa tangu 2006, na kila mara likashauri isiwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Naona lilikuwa sahihi, na shahidi wangu ni mofini. Mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya unatamka wazi kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa za aina hiyo ni ya lazima kwa kutuliza maumivu, lakini vibali, hofu na makaratasi vimewaacha maskini mikono mitupu. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika takriban tani 298 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini zilipata kilo 100 tu. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kijijini ndiye aliyelipa gharama ya udhibiti uliokusudiwa kumzuia mwingine kabisa.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, linatoka kwa wataalamu wa usingizi wenyewe. Magharibi mwa Kenya, mpango ulioanza mwaka 2013 uliwafunza wahudumu wasio wataalamu hao kutumia ketamini kwa upasuaji wa dharura pale mtaalamu anapokosekana. Wakosoaji waliuliza kama maskini wanapewa huduma ya daraja la pili, na kama serikali hazitapata kisingizio cha kutosomesha wataalamu. Ni swali la haki. Ketamini huweza kumfanya mgonjwa aamke akiona maruweruwe, huongeza mate, na mara chache pumzi husita. Anayeichoma lazima ajue kuitunza njia ya hewa. Hata hivyo, mama anayevuja damu leo hawezi kumngoja mwanafunzi atakayehitimu miaka mitano ijayo. Mafunzo hayo yaende pamoja na kusomesha wataalamu, kwa bajeti mbili zinazoonekana.

Thamani mpya ya ketamini iko kwenye tiba ya sonona. Watafiti wa Yale waliripoti nafuu ya haraka mwaka 2000, na mwaka 2019 Marekani ikaidhinisha esketamini ya kupuliza puani. Soko hilo la wenye fedha linaweza kuongeza tamaa ya wizi, lakini nchi zina njia za kujilinda zenyewe: Marekani iliidhibiti kwa sheria yake mwaka 1999, Uingereza ikaipandisha daraja mwaka 2014, bila kungoja mkataba. Tanzania nayo inaweza kudai kabati lenye kufuli, daftari la kila chupa na saini mbili katika kila hospitali, na chupa zikaendelea kufika Hanang.